Kawa Iliyowekwa Karibu na Mlango

Ilikuwa juu ya meza ya mwisho, karibu kabisa na mlango, katikati ya chupa za sabuni ya maji na vitambaa vya makochi vya kroshia. Kawa ya kufunikia chakula. Ukili wake, ule mkanda uliosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu, ulikuwa wa zambarau iliyokolea huku chini, ikafifia kadiri inavyopanda, hata kufika kileleni ukindu umebaki na weupe wake. Pembeni palibandikwa kikaratasi chenye jina la binti, Kidato cha Pili, na chini yake maneno matatu: "Kazi za mikono."

Ukutani, mahali penye taa, zilitundikwa picha. Simba wanne, machweo sita, Mlima Kilimanjaro mara tatu. Kule paliandikwa "Sanaa."

Tulikuwa majaji watatu katika maonyesho hayo ya wanafunzi wa sekondari, mwanamke nikiwa peke yangu. Mbele ya ile kawa hatukumaliza hata dakika mbili. Mwenzangu mmoja aliinyanyua, akaigeuza mkononi, akatuonyesha kwa kidole mistari ya mawimbi iliyosukwa kuizunguka. Mawimbi hayakukaa sawa. Katika kila mzunguko wa ukili, kilele cha wimbi kilikuwa kimesogea kidogo kulia kwa kile cha chini yake.

"Hapa amekosea hesabu," akasema.

Wa pili akasema kazi ni nzuri, ila hii ni stadi za kazi, na sisi tumeitwa kupima sanaa. Wakanitazama, wakingoja neno langu.

Nikasaini.

Nilichokisaini

Wiki sita zimepita na ile kawa haijanitoka. Ninaiona nikiwa kwenye daladala, ninaiona nikisahihisha madaftari. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jambo dogo hivi linaniwasha, kwani hakuna aliyetukanwa wala kunyang'anywa kitu. Binti alipewa cheti cha ushiriki kama wenzake wote.

Kinachoniwasha ni kwamba mimi ni mwalimu wa sanaa. Nimefundisha somo hili miaka 14. Kila mwaka, katika kipindi cha kwanza, ninaandika ubaoni kwamba sanaa ni ufundi wa kuumba kitu chenye kubeba fikra na uzuri. Wanafunzi wanaandika. Halafu nikasimama mbele ya kitu chenye ufundi, fikra na uzuri, nikakubali kiitwe jina jingine kwa sababu kimetoka mikononi mwa msichana na kinafunika wali.

Neno lenyewe "sanaa" tumelipata kwenye Kiarabu, na huko mzizi wake ni kutengeneza, kazi ya fundi. Waliotuletea neno hawakuleta na meza mbili. Meza ya pili tumeiweka wenyewe, tena tumeiweka mlangoni, mahali ambapo mgeni anapita akiwa bado anafunga mwavuli.

Na mimi naijua meza hiyo. Nimewahi kuwekwa juu yake.

Patasi kwa wavulana

Nilipokuwa chuoni darasa letu la sanaa lilikuwa na wanawake watatu. Muhula wa uchongaji ulipofika, mkufunzi aligawa patasi na nyundo za mbao. Akafika kwetu, akasema, "Ninyi dada zangu mtafaa zaidi kwenye batiki." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempisha mgeni kwenye kiti kizuri.

Nilijitahidi kubisha. Akanieleza kwa upole kwamba uchongaji una historia yake. Kwa Wamakonde barakoa za mapiko zilikuwa siri ya wanaume, na mwanamke hakutakiwa kujua kwamba nyuma ya ile sura kuna mtu anayemfahamu, pengine mjomba wake. "Hata ukienda soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, leo, waliokaa na magogo ni kina nani?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nikajifunza batiki, nikaipenda, na bado naipenda. Nta ikiganda juu ya kitambaa, ikapasuka nyufa ndogondogo, rangi ikapenya humo, hakuna kinachonifurahisha kama hicho. Lakini nilimaliza chuo bila kuwahi kushika patasi, na leo mwanafunzi akiniuliza mkono uende vipi juu ya mpingo ninamwonyesha picha kitabuni.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba mgawo ule haukuwa wa chuo changu tu. Michoro ya Tingatinga sote tunaijua, hakuna haja ya kueleza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi mnamo 1968, na aliyezipeleka picha zile kuziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, ni mkewe, Agatha Mataka. Waliokaa kitako kujifunza brashi walikuwa ndugu na jamaa wa kiume: Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, Omari Amonde. Tingatinga alifariki mwaka 1972, wanafunzi wale wakaibeba kazi mbele, na heshima wanaistahili. Mimi ninamfikiria mama yule mbele ya duka, anayejua mteja gani anapenda chui na yupi anapenda ndege, anayezijua picha zile kuliko mtu yeyote. Naye alikuwa hapohapo walipofundishwa wale jamaa. Hakuna aliyempa brashi.

Veranda ya Kampala

Usiku mmoja nikarudi kwenye madaftari yangu ya zamani kutafuta shule ya sanaa ya kwanza katika ukanda wetu ilianzaje. Nilitaka kuona ile meza ya mlangoni iliingia lini.

Mwanzilishi alikuwa mwanamke. Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari, alianza kufundisha kuchora kwenye veranda ya nyumba yake Kampala mwaka 1937, na madarasa yale ndiyo yaliyokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1939 alikwishapeleka kazi za wanafunzi wake kuonyeshwa London. Mikononi mwake walipita Gregory Maloba wa Kenya, na Sam Ntiro na Elimo Njau, wote watu wa Kilimanjaro. Ukisoma habari za wachoraji wa Afrika Mashariki wa kizazi kile, ni wao kwa wao.

Ni wanaume kwa wanaume.

Trowell huyohuyo alisimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, akakusanya vikapu, mikeka na vyungu, na mwaka 1953 akashirikiana kutoa kitabu kizima juu ya ufundi wa makabila ya Uganda. Alikijua kipaji cha wanawake wa nchi ile kwa jina na kwa umbo. Kazi zao zilikuwa ndani ya makabati ya vioo. Darasani kwake walikaa kaka zao.

Sisemi kwamba yeye ndiye aliyewafungia mlango. Makerere yenyewe haikupokea mwanamke hata mmoja mpaka 1945, walipoingia sita. Kaulimbiu ya chuo hadi wakati ule, ukiitia kwenye Kiswahili, ilikuwa "Tuwe wanaume." Wale sita walipofika ikabidi ibadilishwe, ikawa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo."

Niliposoma mara ya kwanza habari ya kaulimbiu hiyo nilifurahi. Wanawake sita wanaingia getini, maneno ya miaka mingi yanaanguka! Sasa ninaisoma kwa namna nyingine. Maneno yalibadilishwa mwaka ule. Shule ya sanaa ilingoja mpaka 1950 kumpata mwanafunzi wake wa kwanza wa kike.

Rosemary Karuga

Alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928, baba Mganda, mama Mkenya. Aliingia Makerere mwaka 1950, akatoka 1952 akiwa amesoma usanifu wa michoro, uchoraji na uchongaji.

Akarudi Kenya, akaolewa, akawa mwalimu.

Hapo ndipo habari zake zinapokatika, na hapo ndipo mimi ninapokwama kila ninapozisoma. Miaka zaidi ya thelathini. Akina Ntiro wakati huo wanaonyesha kazi, wanafundisha vyuoni, wanapewa nyadhifa. Ntiro alikuwa balozi wetu London. Karuga yuko darasani na nyumbani, anafundisha watoto wa watu na kulea wa kwake. Alirudi kwenye sanaa kwa ukamilifu miaka ya 1980, akikaribia umri wa miaka sitini.

Rangi zilikuwa ghali mno. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona, mifuko ya unga na magazeti, akavikatakata vipande vidogo, akavibandika mpaka vikawa kuku, mbuzi, watu wa kijijini, wanawake wenye kazi zao. Ukiitazama picha yake kwa mbali unaona manyoya ya ndege. Ukisogea unaona herufi za pakiti. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa kwenye jumba la Studio Museum, Harlem, New York, na kati ya wasanii wa Kiafrika waliochaguliwa kwa maonyesho yale, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alifariki Februari 2021 huko Ireland, akiwa na miaka 92.

Watu wakisimulia habari yake hupenda kuishia Harlem. Ushindi. Mimi ninabaki kwenye ile miaka thelathini. Hakuna aliyemfukuza kwenye sanaa, na hakuna sheria iliyomkataza. Alikuwa na elimu kamili, kipaji kimethibitishwa, tena kazi yenyewe ni ualimu, kazi yenye heshima. Alichokosa ni saa mbili za mchana ambazo hakuna mtu anayemuita.

Ninajua ninachosema. Tangu nilipojifungua mtoto wangu wa pili sijamaliza picha hata moja ya rangi za mafuta. Nimeanza nne.

Tongoni

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikamtafuta yule binti shuleni kwao, nikamwomba ruhusa nikamwone aliyemfundisha. Akasema ni bibi yake, anaishi Tongoni, kusini mwa mji wetu wa Tanga. Jumamosi nikapanda gari la barabara ya Pangani.

"Hodi."

"Karibu. Pita, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapo, jua lisikupate."

Bibi alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, ukili unashuka kutoka mikononi hadi kwenye duara kubwa lililojiviringisha pembeni ya paja. Chane za ukindu zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni ili zilainike. Alisuka akinisikiliza. Alisuka akimwagiza mjukuu wake mdogo aangalie chungu kisiungue. Akainuka kumlipa muuza samaki, akarudi, mikono ikashika palepale ilipoachia, hata hakutazama.

Nilikaa nikimwangalia na jambo moja likanijia polepole. Ukili unakubali kuachwa. Unaweza kuuweka chini mara arobaini kwa siku, mtoto akilia, mgeni akibisha hodi, maharage yakichemka, na ukirudi unakuta umekungoja. Rangi ya mafuta haiachwi kirahisi hivyo, ina brashi za kuosha, na udongo ulioachwa bila kufunikwa unakauka. Kroshia nayo inakubali. Kofia za vito ambazo kina mama wa Pwani wanazidarizi tundu kwa tundu, zinakubali. Hata vile vipande vya karatasi vya Karuga. Tumezoea kusema wanawake wanapenda kazi hizi. Siku ile niliona wamechagua, kizazi baada ya kizazi, sanaa zinazoweza kuishi katikati ya kuitwaitwa.

Nikamuuliza bibi kuhusu mawimbi yaliyosogea. Nilimweleza kwamba tulidhani mjukuu amekosea hesabu.

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kukosea? Kukosea ni rahisi. Ukikosea, wimbi linaruka mara moja tu, halafu linarudi mstarini. Huyu amelisogeza kila duara, sawasawa, chane mbili, chane mbili, mpaka juu. Na juu duara linapungua, kwa hiyo ilibidi apunguze. Mimi mwenyewe nisingeweza bila kufumua mara tatu."

Akauchukua ukili wake, akanipa ncha. "Suka."

Nilisuka kipande kisichofika hata shubiri. Kilipinda kama mkia wa mjusi. Bibi akakifumua chane moja baada ya nyingine, akazinyoosha kwa kidole gumba, akanirudishia. Mara ya nne aliacha kufumua, akasema, "Huu angalau ni ukili." Sijasifiwa hivyo tangu chuoni.

Jibu ambalo sikulitarajia

Nilirudi mjini nimejaa. Kichwani nilikwishaandika nusu ya makala hii, na ilikuwa makala nyingine kabisa. Ilisema tuzirudishe sanaa za bibi zetu darasani, tuache kuwafundisha wasichana machweo na simba, hazina iko barazani. Nilikuwa na uhakika nayo.

Jumatatu nikamwambia yule binti kwamba tulikosea sana, kwamba kawa yake ni sanaa ya hali ya juu, kwamba ningependa aendelee na ukili, nimsaidie afike mbali.

Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mwalimu, asante," akasema. "Lakini mimi sitaki kusuka. Nataka kuchonga milango."

Shangazi yake anaishi Pangani, kwenye mitaa ya zamani. Jirani kuna mlango wa kale wa nakshi, na chini kabisa kwenye fremu yake, karibu na ardhi, pamechongwa mawimbi. Alipokuwa mdogo alikuwa akipitisha kidole humo. Aliona kwamba fundi aliyachonga yakimbie upande mmoja, na ukiyatazama kwa muda yanaonekana kutembea. Alitaka kufanya hivyo. Alikwenda kwa mafundi seremala wawili mjini akaomba awe anakuja kujifunza baada ya masomo. Wa kwanza alicheka. Wa pili alimuuliza kama amekosana na nyumbani.

"Ubao sina, patasi sina. Nyumbani kulikuwa na ukindu," akasema. "Nilitaka tu kuona kama macho ya mtu yatapanda."

Nilishindwa la kusema. Mara ya kwanza nilimnyima jina la msanii kwa sababu ya ukili. Mara ya pili nilikuwa tayari kumpa jina hilo kwa sharti abaki na ukili. Ni kauli ileile ya mkufunzi wangu, safari hii imetoka kinywani mwangu, kwa upole uleule: wewe dada yangu utafaa zaidi huku.

Hili limenitesa kuliko ile saini.

Bado sijalimaliza. Ninaamini kwa moyo wote kwamba anachokijua bibi wa Tongoni ni elimu, na kwamba shule inayomwacha nje inajipunja. Ninaamini vilevile kwamba msichana hana deni la kuurithi mkeka. Haya mawili yananivuta kila moja upande wake na nimeamua kuyaacha yavutane, maana kila nilipojaribu kuyapatanisha haraka kuna mtu alibanwa.

Nilichojifunza kutoka kwa mwanamke wa Kimakonde

Laiti ningemjua Reinata Sadimba siku ile mkufunzi aliponiuliza waliokaa na magogo ni kina nani.

Sadimba ni Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, alizaliwa mwaka 1945. Alijifunza kufinyanga vyungu kwa mama yake kama wasichana wenzake. Akapigania uhuru wa nchi yake. Halafu, baada ya uhuru, vyungu vyake vikaanza kuota nyuso, matiti, mikono, watoto waliong'ang'ania mgongoni, na ngozi zao zikawa na chale za Kimakonde. Kufinyanga watu haikuwa kazi ya mwanamke. Miaka ya 1980 aliishi huku kwetu Tanzania, kisha akarudi Maputo, na sanamu zake za udongo zinajulikana duniani. Hakuchonga mpingo. Hakuacha udongo wa mama yake pia. Alikwenda pale alipokatazwa akiwa amebeba kile alichoruhusiwa.

Nigeria nako kulikuwa na Ladi Kwali, aliyejifunza kufinyanga kwa shangazi yake. Mwaka 1954 aliingia kwenye kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, akiwa mwanamke wa kwanza pale. Wanaume walifundishwa gurudumu. Naye alijifunza gurudumu, lakini mitungi yake aliendelea kuijenga kwa mkono, akiizunguka kinyumenyume, na dunia ikaja kumtazama yeye. Baadaye akatunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, na sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Miaka ya 1970 alikwenda kwake kujifunza msichana mmoja aliyezaliwa Nairobi, anayesoma sanaa Uingereza: Magdalene Odundo. Mwaka 2018 Odundo akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu huko Uingereza, University for the Creative Arts.

Ninapozungumza na wenzangu kuhusu wanawake na uongozi katika elimu ya sanaa, mazungumzo huenda haraka kwenye idadi. Wakuu wa idara wangapi, wahadhiri wangapi. Idadi ina maana, siipuuzi. Shuleni kwangu mahafali yakikaribia ninaambiwa, "Mwalimu wa sanaa, tupambie ukumbi," na semina za somo la sanaa zikija anapelekwa mwenzangu wa kiume, ambaye hajawahi kufunga hata pazia moja. Lakini Odundo hakuanza na kiti. Alianza kwa kukaa chini mbele ya mwanamke aliyejifunza kwa shangazi yake, akamwita mwalimu. Ladi Kwali alikuwa mwalimu kwa sababu mahali fulani palikuwa na kituo, na kituo kile kilikuwa na mlango, na mwaka 1954 mtu aliufungua.

Fundi wa tatu

Niliandika barua kwa waandaaji wa maonyesho kuomba mwaka ujao kuwe na ukumbi mmoja bila meza mbili. Nimeomba pia kila kazi iambatane na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe, ili jaji asiite kosa kitu asichokielewa. Hawajajibu.

Nikaenda Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kutafuta fundi. Wa tatu, mzee aliyechonga fremu na makabati maisha yake yote, aliuliza swali moja tu: "Anaweza kunoa?" Nikasema hajui. "Basi ataanza kwa kunoa. Mwezi mzima. Asije na kucha ndefu." Binti ameshakwenda mara mbili. Vidole vyake vina mikwaruzo na ananionyesha kama pete.

Kwa mkuu wangu wa shule niliomba Jumamosi nne kwa ajili ya bibi, afundishe wanafunzi wa klabu ya sanaa, wavulana kwa wasichana. Akakubali. Tukaondoa madawati, tukatandika majamvi. Wavulana ndio waliochelewa kushika. Mmoja alikasirika akataka kutoka, bibi akamwambia, "Kaa, mume wangu, mkono wako mzito tu, utalainika," darasa zima likaangua kicheko na yeye akakaa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya malipo. Mhasibu alikwishajaza hati. Mbele ya neno "Cheo" aliandika "Fundi mkeka." Nikamwomba abadilishe. Akaniuliza abadilishe awe nani, kwani kwenye fungu la klabu kuna fundi na kuna mkufunzi, na mkufunzi analipwa kwa kiwango kingine na lazima awe na cheti. Tukabishana, kwa heshima, kama robo saa. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anatutazama.

Mwishowe mkuu wa shule akaitwa. Akaichukua hati, akakata mstari, akaandika kwa mkono wake: "Mwalimu wa sanaa." Akasaini pembeni.

Mhasibu akamwita bibi mezani. Alikwishafungua kidau cha wino wa dole gumba na kukisogeza karibu yake. Bibi akakitazama, akakisukuma kando kwa mgongo wa mkono, akaomba kalamu. Akainama juu ya hati na kuandika jina lake lote kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, pole pole, mpaka likavuka mstari.

Kisha akaniuliza kama Jumamosi ijayo ukindu ataleta yeye au tutanunua soko la Mgandini.